Sentensi Moja Kabla ya Hadithi: Kufundisha Utungaji kwa Kisa cha Undugu Uliogawanyika

Miongoni mwa vipindi ambavyo walimu wengi wa shule za msingi hupenda kuvikwepa, kipindi cha utungaji ni cha kwanza. Sababu zake si ngumu kuzitambua. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 akiwapa kazi ya kuandika ukurasa mmoja, na akitumia dakika 5 tu kusahihisha kila daftari, atahitaji dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40, kabla hajayarudisha madaftari. Ni nani mwenye saa hizo katika juma? Kwa hiyo aghalabu mwalimu huamua kuwapa wanafunzi sentensi zilizovurugwa wazipange upya, kwa kuwa zoezi la namna hiyo husahihishwa upesi, na limezoeleka pia katika mitihani ya kumaliza elimu ya msingi. Zoezi hilo lina faida yake. Hata hivyo, kupanga mawazo ya mtu mwingine si kutunga. Mtoto anaweza kupanga sawasawa kwa miaka mingi asitunge hata mara moja.

Katika makala haya napenda kuwaeleza wanachuo njia ninayoitumia kukabili tatizo hilo. Njia yenyewe ni kuwafundisha wanafunzi kuandika sentensi moja tu, ambayo ndani yake imo hadithi nzima. Waandishi wa filamu katika nchi nyingi hulazimika kuwa na sentensi ya namna hiyo, kwani mwenye fedha hatasoma kurasa 100 kabla ya kujua kisa kinahusu nini. Sisi hatuna filamu ya kuuza, tunalo darasa. Katika chuo chetu nimezoea kuiita sentensi ya kiini. Sentensi 80 za kiini husahihishwa kwa dakika 40 ikiwa kila moja itapewa nusu dakika, na mwalimu atapata nafasi ya kuirudisha kwa mwanafunzi mara tatu au nne ili ainoe. Katika kuinoa huko ndimo utungaji unamofundishwa.

Kwa nini hadithi ya uhalifu?

Baadhi ya walimu wenzangu hupinga uchaguzi wangu. Husema kwamba hadithi za wizi na mauaji huwafundisha watoto wizi na mauaji. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, nami huijibu kwa kutazama fasihi yetu wenyewe. Riwaya ya Kiswahili ya upelelezi ina mizizi ya muda mrefu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimtoa Bwana Msa mbele ya wasomaji katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda katika mashindano ya uandishi. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Vizazi vya wasomaji vilijenga mazoea ya kusoma kwa vitabu hivyo, navyo havikuwageuza kuwa majambazi.

Zaidi ya hayo, hadithi ya uhalifu ina nidhamu. Katika insha ya "Siku Nisiyoisahau" mtoto anaweza kuzunguka apendavyo, akaamka, akapiga mswaki, akanywa chai, na ukurasa ukaisha kabla ya jambo lolote kutokea. Katika hadithi ya uhalifu hawezi. Pana tendo lililotendwa, pana aliyelitenda, pana anayemtafuta, na pana sababu. Kila swali hudai jibu.

Lakini nataka wanachuo watofautishe aina mbili. Willy Gamba husafiri, hupigana na hurudi. Msomaji hamwoni akiulizwa na shangazi yake kwa nini amemkamata binamu yake. Mashujaa wa namna hiyo wamewekwa mbali na ukoo ili mikono yao iwe huru. Bwana Msa naye ni mgeni katika nyumba anazochunguza, ijapokuwa siri anazozifumbua mara nyingi ni siri za nasaba na urithi. Aina ya pili ni ile ambayo mtafutaji na mtafutwa wamekula chungu kimoja. Hii ndiyo iliyo karibu na maisha ya wanafunzi wetu, nayo ndiyo ngumu zaidi kuitungia sentensi ya kiini.

Zoezi la Nyangoto

Nilipokuwa nikiwasimamia wanachuo sita katika mazoezi ya kufundisha huko Nyangoto, katika eneo la Nyamongo wilayani Tarime, tulikuwa tukikutana jioni kuandaa vipindi vya kesho yake. Nyangoto ipo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Upande wa kusini unapita Mto Mara, na ng'ambo yake ni Wilaya ya Serengeti. Wenyeji wengi ni Wakurya, watu wa ng'ombe na wa koo zenye kujuana. Wizi wa mifugo umewasumbua kwa muda mrefu, nao umeandikiwa hata vitabu. Mtafiti Michael Fleisher alichapisha kimoja mwaka 2000, kinachohusu wizi wa ng'ombe na ulinzi wa jadi katika mpaka huu wa Tanzania na Kenya. Jambo la kuzingatia ni kwamba pale mtoto wa Darasa la Sita haitaji mwizi na mlinzi kama watu wa vitabuni. Aghalabu anawajua wote wawili, na huenda mmoja humwita baba mdogo na mwingine mjomba.

Niliwaambia wanachuo waandae sentensi ya kiini ya hadithi ya uhalifu ambamo mtu amegawanyika kati ya jamaa zake. Niliweka masharti mawili: isizidi maneno 35, na isitaje jina la mtu wala la kijiji. Nitaonyesha hapa jinsi sentensi hiyo ilivyobadilika hatua kwa hatua, kwa sababu katika mabadiliko hayo mwanachuo ataona kazi atakayoifanya ubaoni.

Sentensi ya kwanza iliandikwa hivi: "Kulikuwa na familia moja iliyogawanyika kwa sababu ya uhalifu." Hii ni mada, haijawa hadithi. Hakuna mtu ndani yake. Familia haiwezi kusimama mlangoni usiku ikasita. Mtu ndiye awezaye. Niliuliza swali moja tu: "Ni nani?"

Sentensi ya pili ikaja: "Askari polisi anapaswa kuchagua kati ya kazi yake na ndugu yake." Sasa pana mtu, na pana uchaguzi. Tatizo lake ni kwamba sentensi hiyo ingeweza kuandikwa Lindi, Nairobi au Chicago bila kubadilishwa hata herufi. Ndugu huyo ametenda nini? Na kwa nini iwe vigumu kumkamata? Wapo ndugu ambao kuwakamata ni nafuu. Mwanachuo mmoja kutoka Iringa akasema kwamba lazima askari awe na deni kwa ndugu yake. Nadhani hapo ndipo zoezi lilipoanza kweli.

Sentensi ya tatu ikasema: "Askari polisi aliyesomeshwa na kaka yake ana siku tatu za kumpata aliyemuua mchungaji na kuiba ng'ombe, na nyayo zinaishia katika zizi la kaka huyo." Hatua hii ilikuwa kubwa. Deni lipo, uhalifu upo, muda upo. Nyayo nazo zimetoka katika desturi ya mahali penyewe, kwani ng'ombe wakiibwa watu hufuata nyayo zao, na kule zinakoishia ndiko maswali yanakoanzia.

Wengi waliridhika. Ndipo mwanachuo mmoja, binti aliyekulia ng'ambo ya mto, upande wa Serengeti, alipouliza: "Mwalimu, huyo mchungaji ni mtoto wa nani?"

Nawaomba wasomaji walitafakari swali hilo, kwa maana lilibadilisha kila kitu. Katika sentensi ya tatu ndugu yupo upande mmoja tu wa mizani. Upande wa pili ipo kazi, upo mshahara, ipo sare. Huo ni mgogoro kati ya undugu na wajibu wa serikali, nao ni mgogoro halali wa hadithi. Lakini si undugu uliogawanyika. Ili undugu ugawanyike, hapana budi damu iwepo pande zote mbili. Wanachuo wakakubaliana kwamba mchungaji aliyeuawa awe mtoto wa dada yao. Sasa mtafutaji hawezi kukimbilia kwa jamaa, kwa sababu kila mlango wa jamaa una kilio chake.

Sentensi ya nne kwa hiyo ikawa: "Askari polisi aliyesomeshwa na kaka yake ana siku tatu za kumpata muuaji wa mtoto wa dada yao, na nyayo zinaishia katika zizi la kaka huyo." Nikauliza maswali mawili. Kwanza, siku tatu zimetoka wapi? Muda usiokuwa na sababu ni muda wa mwandishi, si wa hadithi. Pili, dada amempa nini ndugu huyu? Kama kaka amemsomesha na dada hakumpa kitu, mizani bado imelala upande mmoja.

Jibu la swali la pili lilitolewa na mwanachuo Mkurya. Alieleza kwamba kwa desturi za kwao ng'ombe wanaoingia kwa mahari ya binti ndio ambao kaka yake huwategemea ili naye aoe. Basi, alisema, tuseme ng'ombe wa mahari ya dada walipoingia hawakutumika kumwozesha kaka. Waliuzwa mnadani, na fedha zikampeleka mdogo shule. Kwa hiyo dada ameolewa ili yeye asome, na kaka amekaa bila mke ili yeye asome. Kaka anayeiba ng'ombe sasa anatafuta mahari ileile aliyoiachia.

Wanachuo walinyamaza kwa muda. Nami sikuongeza neno, maana hapakuwa na la kuongeza.

Swali la kwanza likatupeleka kwenye ukweli wa mambo. Je, upelelezi huo wa siku tatu ni wa askari kweli? Wakaona kwamba mtu wa karibu zaidi ni mlinzi wa sungusungu. Ulinzi huu wa jadi ulianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaenea hadi Mara, na mwaka 1989 sheria ikarekebishwa ili kuutambua. Na kwa kuwa mtu wetu amesoma, awe katibu, yaani yule anayeandika majina ya watuhumiwa yatakayosomwa mbele ya ritongo, mkutano wa jadi wa Wakurya. Siku ya mkutano inajulikana; hivyo muda umepata sababu. Sentensi ya tano na ya mwisho ikaandikwa:

"Katibu wa sungusungu, aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa mahari ya dada yake, anatakiwa kuandika jina la muuaji wa mtoto wa dada huyo kabla ya ritongo la Jumamosi, na nyayo zinaishia katika zizi la kaka yake."

Maneno ni 34. Mwanachuo atambue kwamba hakuna neno la huzuni, la hofu wala la mapenzi. Hakuna "kwa uchungu mkubwa". Uchungu umo katika ng'ombe, kalamu na Jumamosi. Hali kadhalika, elimu aliyonunuliwa na ndugu zake ndiyo inayoishika kalamu. Mmoja wao alipendekeza tuongeze kwamba katibu asipoliandika jina la kaka, litaandikwa jina la mtu asiye na hatia. Wazo hilo ni zuri sana, ila ni la katikati ya hadithi. Tuliliweka akiba. Sentensi ya kiini hufungua mlango. Haipakui samani zote.

Kuipima sentensi kwa sheria

Sentensi ikishakamilika, naipima kwa swali hili: je, mhusika anao mlango wa nyuma? Akiwa nao, hadithi itatokea huko ikaisha. Mlango mmoja ni sheria. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, katika kifungu cha 130, inasema kwamba mume au mke anaweza kuwa shahidi wa upande wa mashtaka dhidi ya mwenzake, lakini hawezi kulazimishwa, isipokuwa kwa makosa fulani yaliyotajwa. Kinga hiyo ni ya wanandoa. Ndugu wa tumbo moja hawanayo. Kama mtuhumiwa angekuwa mume na katibu wetu angekuwa mkewe, mke huyo angeweza kunyamaza na sheria ikamwacha. Kwa kaka hapana njia hiyo. Akiitwa mahakamani atapaswa kusema. Mwanachuo anayeijua habari hii hataandika hadithi ambamo shujaa anajificha nyuma ya undugu mbele ya hakimu, kwani hakimu hatakubali.

Mlango wa pili ni kujidanganya: huenda si yeye, huenda nyayo zimepotoshwa. Mlango huu tusiufunge. Tuuache wazi kidogo, kwa maana humo ndimo msomaji atakamosafiri pamoja na katibu.

Mfano kutoka mbali

Ili wanachuo wasidhani kwamba mambo haya ni ya Wakurya peke yao, niliwapa kisa cha kweli cha Marekani. Kuanzia mwaka 1978 hadi 1995 mtu asiyejulikana alikuwa akipeleka mabomu, mengi kwa njia ya posta. Aliua watu 3 na kujeruhi 23. Mwezi Septemba 1995 gazeti la Washington Post lilichapisha waraka wake mrefu. Mtu mmoja aitwaye David Kaczynski, baada ya mkewe kushuku, aliusoma waraka ule na akatambua namna ya kusema ya kaka yake Ted. Alipeleka habari kwa vyombo vya usalama, na Aprili 1996 Ted alikamatwa katika kibanda chake msituni, jimboni Montana. David kisha alipambana ili kaka yake asihukumiwe kifo. Mwaka 1998 Ted alifungwa maisha, na alifariki gerezani mwaka 2023.

Niliwataka waandike kiini cha kisa hicho. Walio wengi walianza na mabomu. Mmoja alianza hivi: "Mtu anasoma barua ya muuaji gazetini na kusikia sauti ya kaka yake." Huyo alikuwa amefahamu. Mabomu yalikuwa ya taifa zima. Sauti ilikuwa ya mtu mmoja.

Kulipeleka zoezi darasani

Kwa Darasa la Sita au la Saba, napendekeza utaratibu ufuatao katika vipindi viwili.

Kwanza, mwalimu aandike ubaoni sentensi dhaifu, kama ile ya kwanza, na awaulize wanafunzi wanataka kujua nini zaidi. Maswali yao ayaandike kando ya ubao kwa maneno yao wenyewe.

Pili, ayapange maswali hayo katika mafungu sita: Ni nani? Anatakiwa kufanya nini? Nani au nini kinamzuia? Kwa nini iwe yeye, asiwe mwingine? Mpaka lini? Atapoteza nini kwa kila upande?

Tatu, wanafunzi wafanye kazi kwa makundi ya watu watano au sita, kila kundi litoe sentensi moja. Sentensi zisomwe kwa sauti. Sentensi inayomfanya msomaji ameze mate njiani ina maneno mengi mno.

Nne, katika kipindi cha pili kila mwanafunzi aandike yake. Mwalimu asisahihishe kwa kuandika upya sentensi ya mtoto. Aandike swali moja tu chini yake, kisha amrudishie. Mwalimu anayemwandikia mtoto sentensi nzuri amemnyang'anya zoezi.

Tahadhari

Yapo mambo mwanachuo hana budi kuyaangalia, hasa katika sehemu kama Nyangoto. Huko uhalifu si mchezo wa vitabuni. Mwezi Mei 2011 watu kadhaa waliuawa kwa risasi za polisi katika tukio la kuingia mgodini, na yapo madawati yanayokaliwa na watoto wa jamaa zao. Ndiyo maana sharti la kutotaja majina ya watu na vijiji si la mapambo.

Katika kipindi kimoja mwanafunzi wa kiume aliandika: "Mvulana anazijua ng'ombe zilizomnunulia sare." Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alitaka kuisoma mbele ya darasa kama mfano bora, na kwa hakika ilikuwa bora. Kabla ya kuisoma alinijia nyuma ya darasa akanionyesha. Tulishauriana kwa sauti ya chini. Hatukujua kama sentensi ile ilikuwa ya kutunga au la, na haikutupasa kumwuliza. Mwanachuo aliandika chini yake, "Anamwogopa nani zaidi?" akairudisha bila kuisoma kwa sauti. Mtoto aliendelea kuandika mpaka kengele ilipolia, na daftari akaondoka nalo mwenyewe.

Mwalimu wa utungaji si mpelelezi. Akianza kutumia madaftari kama ushahidi, kuanzia siku hiyo watoto watamwandikia mambo ya kupiga mswaki na kunywa chai, nao watakuwa na haki. Hata hivyo, hili lisichanganywe na jambo jingine. Maandishi yakionyesha kwamba mtoto mwenyewe anapigwa, anadhalilishwa au yumo hatarini, mwalimu asinyamaze. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka kutoa taarifa haki za mtoto zinapokiukwa, na mwalimu mkuu pamoja na afisa ustawi wa jamii ndio wa kuanzia. Kutunza siri ya hadithi ni jambo moja. Kutunza siri ya maumivu ya mtoto ni jambo jingine.

Nawahimiza wanachuo walijaribu zoezi hili katika mazoezi yao ya kufundisha, kila mmoja kwa mambo ya mahali alipo. Kwenye ng'ombe watatumia ng'ombe. Pwani watatumia mashua na nyavu. Mjini watatumia duka la familia na ufunguo wa droo ya fedha. Wasianze na hadithi ndefu. Waanze na sentensi moja, waulize "Ni mtoto wa nani?", na wawe na subira ya kusubiri jibu.